Askia Muhammad wa Songhai: Jemadari Aliyetafuta Haki ya Kutawala

Novemba 1492, Sunni Ali, aliyekuwa ametawala Songhai, dola kubwa ya Afrika Magharibi kando ya Mto Niger, kwa miaka 28, alikufa njiani akirejea kutoka vitani katika nchi ya Gurma. Mwanawe, anayejulikana kama Sunni Baru, alitawazwa Januari 1493. Mwezi uliofuata jemadari mmoja wa baba yake, Muhammad bin Abi Bakr Ture, alimwinukia kwa silaha, na tarehe 12 Aprili 1493, katika mapigano ya Anfao karibu na mji mkuu wa Gao, alimshinda kabisa. Baru alikimbilia Ayorou na kufia huko. Mshindi alijitwalia cheo cha Askia, akatawala kwa miaka 36, na ukoo wake ukashika dola hiyo hadi Wamoroko walipoivamia mwaka 1591.

Kwa kuutazama ushindi peke yake, haya ni mapinduzi ya kijeshi kama mengine mengi. Yaliyofuata ushindi ndiyo yanayokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa, kwa kuwa jemadari huyu alijua vizuri kwamba upanga ulikuwa umempa kasri na bado haujampa haki. Nasaba ya Masunni ilikuwa imekalia kiti cha Gao kwa vizazi kadhaa, na kwa mujibu wa maandishi ya Timbuktu yeye hakuwa na damu yao. Alihitaji msingi mwingine wa kutawalia, akautafuta katika Uislamu kwa bidii na kwa akili ambayo ni nadra kuikuta katika historia ya Afrika Magharibi. Hoja ninayoitetea katika uchambuzi huu ni kwamba msingi huo ulimtosha kukipata kiti na kukihalalisha, na ulimsaidia kuifunga pamoja nchi iliyokuwa na watu wa aina nyingi mno. Lakini haukuwa na jibu la swali la nani atakikalia baada yake, na pengo hilo ndilo lililomwangusha yeye mwenyewe.

Kabla ya kwenda mbali inafaa tujue habari hizi tunazipata kwa nani. Tunazo tarikh, yaani vitabu vya historia, mbili kubwa zilizoandikwa kwa Kiarabu Timbuktu katika karne ya 17: Tarikh al-Sudan ya Abd al-Rahman al-Sa'di, na Tarikh al-Fattash iliyotoka katika ukoo wa Mahmud Kati. Zote mbili ziliandikwa na watu wa tabaka la maulamaa, tabaka ambalo Sunni Ali alilitesa na Askia akalilea, kwa hiyo msomaji asitegemee humo mizani iliyo sawa. Al-Sa'di anamwita Sunni Ali dhalimu na Khawariji, yaani mtu wa kundi lililojitenga na Waislamu wengine, kisha anaeleza jinsi alivyokuwa akiziahirisha sala zote hadi usiku au siku ya pili yake, halafu anakaa kitako, anaashiria kwa mkono, anazitaja sala kwa majina na kuziambia zigawane wenyewe kwa kuwa zinajuana. Ni masimulizi ya kuchekesha yaliyokusudiwa kudhalilisha. Hata hivyo, al-Sa'di huyohuyo anakiri kwamba Sunni Ali aliwaheshimu baadhi ya wanazuoni na kuwapelekea mateka wa Kifulani, na kwamba mmoja wa mateka hao aliolewa katika ukoo wa mwandishi mwenyewe. Tarikh al-Fattash ina tatizo kubwa zaidi. Katika karne ya 19 ilichakachuliwa na watu wa dola ya Masina, ambao waliingiza humo utabiri wa khalifa atakayekuja ili umlenge mtawala wao, Ahmad Lobbo. Ndiyo maana sehemu zake zinazohusu ukhalifa na zinazohusu makabila ya watumwa wa mfalme zinahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa.

Kuna pia sauti ya tatu, ya masimulizi ya mdomo. Wasimulizi wa Kisonghai humwita Askia kwa jina la Mamar Kassaye, yaani kwa jina la mama yake, na wanasema Kassaye alikuwa dada yake Sunni Ali. Kwa simulizi hiyo Askia si mgeni aliyenyang'anya, bali ni mpwa aliyechukua kiti cha mjomba wake, na katika jamii ambazo haki hupita kwa mama hoja hiyo ina uzito wake. Sidhani kama tuna njia ya kuthibitisha upande mmoja na kuufuta mwingine. La kushika ni kwamba watu wa vijijini kando ya Mto Niger walihitaji kumpa Askia uhalali wa damu, ilhali wasomi wa mjini walimpa uhalali wa dini, na kila kundi lilimwona mtawala kwa kipimo cha haki lilichokuwa nacho.

Askia alianza kuijenga hoja ya dini kabla hata mapigano hayajaisha. Tarikh al-Fattash inaeleza kwamba alimpelekea Baru wajumbe, mmoja baada ya mwingine, wote wanavyuoni, wakimtaka atangaze Uislamu wake waziwazi, naye akakataa kila mara. Tunaweza kuuona ujumbe huo kama wito wa kweli au kama matayarisho ya kisheria. Mimi naona yote mawili yamo. Katika fikihi, vita vya Mwislamu dhidi ya mtawala Mwislamu ni uasi, na vita dhidi ya kafiri aliyekwisha kulinganiwa ni jihadi. Kila mjumbe aliyerudi mikono mitupu aliisogeza vita ya Askia kutoka upande wa kwanza kuelekea wa pili.

Mwaka 1496 aliondoka kwenda hija. Fikiria hatari yake: mtu ametawala miaka mitatu tu, watoto wa nasaba aliyoipindua bado wapo, naye anaiacha nchi kwa muda wa karibu miaka miwili. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alimwachia madaraka ndugu yake, Umar Komzagho, na kwa sababu alijua safari hiyo ingemletea kitu ambacho hakipatikani Gao. Tarikh zinasema alifuatana na wapanda farasi 500 na askari wa miguu 1,000, akachukua dhahabu mithkali (kipimo cha uzito wa dhahabu) 300,000; theluthi moja akaitoa sadaka katika miji miwili mitakatifu na kununulia bustani Madina, iliyowekwa waqfu kwa ajili ya mahujaji wa Afrika Magharibi. Tarakimu zilizokaa sawa hivyo hunitia shaka, lakini waqfu unaeleweka vizuri: ulilifanya jina lake liendelee kutajwa Hijazi baada ya yeye kuondoka. Al-Sa'di anaongeza kwamba alikutana na mwanachuoni mashuhuri wa Kairo, Jalal al-Din al-Suyuti, na kumwuliza mambo ya halali na haramu. Kubwa kuliko yote, alirudi na cheo cha khalifa wa mtawala wa Waislamu katika nchi za Sudani, yaani nchi za watu weusi kusini mwa Sahara, na alama za cheo hicho, vikiwemo kilemba na upanga. Kuanzia hapo Askia hakuwa tena jemadari aliyeasi, kwani mamlaka ya juu ya dini yalikuwa yamemkubali, na kumwasi yeye kukawa dhambi.

Karibu na wakati wa kurejea kwake alifika Gao Muhammad al-Maghili, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki kutoka Tlemcen, mtu mkali sana, aliyekuwa ametokea Kano ambako alimshauri Sarki, yaani mfalme, Muhammad Rumfa. Askia alimwandikia maswali saba, na majibu yake yamehifadhiwa. Kwa anayetaka kujua dola ya Kiislamu ya wakati ule ilivyotatua matatizo yake, maswali hayo ni hazina kuliko tarikh zote mbili, kwa kuwa humo tunamsikia mtawala akieleza shida zake za utawala. Anauliza ni wanazuoni gani wa kuaminiwa, maana wapo waliosoma kidogo wakajipa mamlaka ya kufutu. Anauliza kuhusu mali iliyoachwa na Sunni Ali na watu wake, kodi za ardhi, udanganyifu sokoni, wapiga ramli, na watu wanaoacha mirathi ya Kurani wakamrithisha mtoto wa dada. Swali zito lilimhusu Sunni Ali mwenyewe. Askia anamweleza kama mtu aliyetamka shahada, akafunga Ramadhani na kutoa sadaka, na papo hapo akaabudu masanamu, akawaamini waganga, akaua maulamaa na kumwaga damu za Waislamu. Je, mtu huyo ni kafiri?

Al-Maghili alijibu kuwa ni kafiri bila shaka, na kwamba vita vya Askia vilikuwa miongoni mwa jihadi bora. Jibu hilo ndilo Askia alilolitaka, lakini lilikuja na gharama. Ikiwa Sunni Ali alikuwa kafiri aliyewafanya watumwa Waislamu huru, basi wale waliosalia mikononi mwa watu wake wanastahili kuachiwa, na al-Maghili alisema neno la mtu anayedai kuwa ni Mwislamu huru likubaliwe. Tena kipimo kilichotumiwa kumtoa Sunni Ali katika Uislamu kingeweza kutumiwa dhidi ya mtawala yeyote wa nchi ile, kwa kuwa karibu kila kasri la Afrika Magharibi lilikuwa na msikiti upande mmoja na desturi za mababu upande wa pili. Kasri la Askia halikuwa tofauti. Aliyekuja kumsalimu alipiga magoti na kujimwagia vumbi kichwani, kama ilivyokuwa desturi ya dola ya Mali tangu zamani. Askia aliyapokea majibu ya al-Maghili, akatumia yaliyomfaa, na vumbi likaendelea kumwagwa. Wapo wanaomlaumu kwa unafiki. Kwangu mimi huo ulikuwa utambuzi wa mtu aliyejua kwamba wapiga kasia wa Kisorko na wakulima wa Dendi hawatamtii kwa sababu ya fatwa iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua.

Utambuzi huo unaonekana wazi katika mpangilio wa vyeo. Askia hakuivunja serikali ya Masunni, aliirithi, akaipanua. Alikuwapo Hi-koi, mkuu wa majahazi ya mtoni, aliyekuwa miongoni mwa watu wa juu kabisa, jambo lisilo la ajabu katika nchi ambayo jeshi, chakula na habari vilipita mtoni. Alikuwapo Kalisa-farma wa hazina, Fari-mundio wa mashamba, Hari-farma wa maji na maziwa, Korey-farma wa wageni weupe, yaani Waarabu na Waberiberi, na Hu-kokorey-koi aliyesimamia mambo ya ndani ya kasri. Nchi iligawanywa sehemu kubwa mbili. Magharibi ilikuwa chini ya Kurmina-fari, aliyeitwa pia Kanfari, mwenye makao yake Tendirma, mji ambao Umar Komzagho aliujenga kwa ajili hiyo. Chini yake alikuwapo Balama, aliyekaa na askari Kabara, bandari ya Timbuktu. Kusini-mashariki alikuwapo Dendi-fari. Miji ya biashara iliwekewa mawakala wake, na machimbo ya chumvi ya Taghaza yakawa na msimamizi wake.

Tarikh al-Fattash inataja haki za pekee za wakubwa hawa, na kwa maoni yangu haki hizo zinaeleza katiba ya Songhai kuliko orodha ya vyeo. Kurmina-fari peke yake hakulazimika kuvua kilemba anapojimwagia vumbi. Dendi-fari peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwambia Askia ukweli bila kuupamba. Bara-koi aliweza kumkataza Askia jambo, na Askia akalazimika kutii. Dirma-koi, mkuu wa jimbo la Dirma, aliingia kasri akiwa juu ya farasi. Masharifu ndio pekee waliokaa naye juu ya jukwaa lake. Haya si mapambo ya sherehe. Bara ilikuwa jimbo ambalo mtawala wake, Mansa Kura, ndiye liwali pekee aliyeitikia wito wa Askia wakati wa uasi wa 1493, na haki ya kumkataza mfalme inasomeka vizuri kama malipo ya deni hilo, yaliyogeuzwa kuwa sheria.

Jambo jingine aliloligeuza ni jeshi. Al-Sa'di anasema zamani za Sunni Ali kila mtu alikuwa askari, na Askia akawatenganisha raia na askari. Wakulima na wafanyabiashara wakabaki na kazi zao, na vita vikawa vya watu maalumu. Kampeni zake zilizofuata, kuanzia ile ya 1498 dhidi ya Wamosi wa Yatenga hadi zile za Air na nchi za Wahausa, zilipiganwa na jeshi hilo.

Timbuktu ilikuwa na hali yake peke yake. Askia aliiachia mambo ya sheria kadhi wake, na kuanzia 1498 kadhi huyo alikuwa Mahmud bin Umar wa ukoo wa Aqit, aliyekaa katika kiti hicho kwa miaka 50 hadi alipofariki 1548. Tarikh al-Fattash inasimulia kisa kimoja kati yao ambacho, hata kama kimetiwa chumvi, kinaonyesha mpaka wa madaraka ulipopita. Kadhi Mahmud aliwafukuza wajumbe wa Askia waliokuja Timbuktu na amri. Askia akaja mwenyewe, akamkuta kadhi, akaanza kumwuliza: wafalme waliopita, waliotawala mji huu kabla yangu, hawakutuma wajumbe wao humu na amri zao zikatekelezwa? Kadhi alikiri kwamba walituma. Basi kwa nini wewe unawafukuza wa kwangu? Mahmud akamjibu kwa kumkumbusha siku alipokuja nyumbani kwake, akamshika miguu na nguo, akamwomba asimame baina yake na moto wa Jahanamu, amshike mkono asije akatumbukia humo. Basi, akasema, hiyo ndiyo sababu ya kuwafukuza wajumbe wako. Askia akasema alikuwa amesahau, akamshukuru na kumwombea umri mrefu.

Tuitazame hoja ya kadhi kwa jicho la utawala. Hakudai kwamba Timbuktu ni mji huru, wala hakutaja mkataba wowote. Alidai kwamba Askia, kwa kuichukua dini kuwa msingi wa ufalme wake, amewapa walinzi wa dini haki ya kumzuia. Masunni hawakuwa wamejifunga hivyo, na ndiyo sababu waliweza kutuma amri wakatiiwa. Nguvu hiyo ya kadhi ilimgusa hata al-Maghili. Mwanawe alipouawa Tuwat, eneo la chemchemi katika jangwa la Sahara, al-Maghili alimtaka Askia awakamate Watuwat waliokuwako Gao. Askia akawakamata, lakini Kadhi Mahmud alipinga, kwa kuwa waliofungwa hawakuwa na kosa, nao wakaachiwa. Mwanachuoni aliyehalalisha utawala wa Askia alishindwa na mwanachuoni aliyeishi ndani ya utawala huo kila siku.

Sasa tuje kwenye pengo. Sheria ya Kiislamu ya wakati ule ilikuwa na mengi ya kusema kuhusu sifa za mtawala na wajibu wa kumtii, lakini haikuweka utaratibu wa lazima wa kurithisha kiti. Na desturi ya Songhai, ambayo ingeweza kuweka utaratibu huo, ndiyo iliyovunjwa Anfao. Askia alikuwa na watoto wengi wa kiume kwa wake na masuria wengi, na wengi wao aliwapa vyeo. Vyeo hivyo viliwapa askari na mapato, na vilikuwa na thamani kadiri baba alivyokuwa na nguvu ya kuwatuliza wenyewe kwa wenyewe. Umar Komzagho alifariki mwishoni mwa muongo wa pili wa karne ya 16, ndugu mwingine, Yahya, akawa Kanfari baada yake. Askia akazeeka na kupofuka, na Hu-kokorey-koi wake, Ali Folon, akauficha upofu huo kwa muda, amri zikiendelea kutoka kwa jina la mfalme. Wana wa mfalme walinung'unika kwamba baba yao anatenda anachokitaka Ali Folon tu. Yahya aliitwa kutoka Tendirma aje kuwatuliza, na wakamwua.

Mwanawe mkubwa Musa, aliyekuwa Fari-mundio, alichagua siku ya kumwondoa baba yake kwa ustadi ambao ungemfurahisha mzee huyo kama asingekuwa yeye mwathirika. Ilikuwa Idi ya Mfungo Tatu, mwezi Agosti 1529, watu wamekusanyika Gao kwa sala. Musa aliapa kwamba hakuna atakayesali Idi hadi yeye atawazwe. Baba akakubali, Musa akatangazwa, kisha watu wakasali. Mkusanyiko wa ibada, ambao chini ya Askia Muhammad ulikuwa mahali pa kuonyesha utii kwa khalifa, uligeuzwa kuwa mahali pa kumvua ukhalifa. Katika muongo uleule Askia alipopanda kitini, Kilwa Kisiwani Amiri Ibrahim alimwua Sultani al-Fudail na kushika nchi bila kuthubutu kujiita sultani, kwa kuwa hakuwa wa ukoo ule. Songhai ilikuwa imefika mahali ambapo kila mtoto wa Askia angeweza kujiita Askia, na hilo halikuleta amani kuliko la Kilwa.

Musa aliwaua ndugu zake kadhaa na yeye mwenyewe akauawa 1531. Aliyemrithi alikuwa Muhammad Bonkana, mwana wa Umar Komzagho, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Kurmina-fari. Yaani cheo kilichobuniwa ili ndugu mwaminifu ailinde magharibi kilikuwa kimemfikisha mtoto wa ndugu huyo Gao. Bonkana ndiye aliyemhamishia Askia mzee katika kisiwa cha Kangaga mtoni. Al-Sa'di anasimulia kwamba mwanawe Ismail alikwenda kumwona huko usiku, na mzee alipomshika mkono na kuona ulivyo na nguvu alimlaumu kwamba mwenye mkono kama huo anamwachaje aliwe na mbu na kurukiwa na vyura. Mwaka 1537 Bonkana alipinduliwa na Dendi-fari Mar Tumzu, mwenye haki ya kumwambia Askia ukweli, na Ismail akatawazwa. Alimrudisha baba yake Gao, na baba akamvisha kilemba na kumkabidhi upanga alioutoa hija, akimwambia kwamba Musa na Bonkana walivinyang'anya na yeye sasa anampa kwa haki. Askia Muhammad alifariki 1538.

Tendo hilo la mwisho ndilo karibu zaidi alilofikia katika kulijibu swali la urithi: alama za ukhalifa zihame kwa mkono wa aliyezipokea kwenda kwa anayemchagua. Halikuwa desturi. Ismail alitawala miaka miwili tu, na baada yake wakubwa wa jeshi na wana wa Askia waliendelea kushindania kiti kila kilipobaki wazi, isipokuwa katika miaka mirefu ya Askia Dawud, kati ya 1549 na miaka ya mwanzo ya 1580. Mwaka 1588 Balama al-Sadiq aliongoza majeshi ya magharibi kutoka Timbuktu kwenda Gao kumpindua Askia Ishaq II. Alishindwa, na majeshi ya Kurmina, nusu ya nguvu za dola, yakasambaratishwa. Miaka mitatu baadaye Judar Pasha alipofika Tondibi, karibu na Gao, na askari wa Moroko wapatao 4,000 wenye bunduki, Ishaq alimkabili kwa jeshi la upande mmoja wa nchi.